Acheni kupiga fomati kila kitu

Kuna neno moja hapa Kenya linatumika kwa laptopu vile Panadol inatumika kwa binadamu. Kichwa? Panadol. Mgongo? Panadol. Umeachwa? Meza Panadol ulale. Kwa laptopu neno lenyewe ni fomati. Imekuwa pole pole? Piga fomati. Waifai imepotea? Piga fomati. Saa inasoma vibaya? Hiyo nitairudia, kwa sababu nimeona mtu akilipia fomati juu ya saa.

Maoni yangu ni haya, na mkitaka mje mnitusi hapo chini: kupiga fomati si kutengeneza. Ni kukubali hujui shida iko wapi, halafu unachoma nyumba juu ya panya mmoja. Na kwa mashine inayotumia Linux ni makosa mara mbili, kwa sababu Linux karibu kila mara huwa imeandika mahali inaumwa. Ni vile hatusomi tu.

Siongei kama mtu mwerevu. Naongea kama mtu aliyechomwa.

Mwaka jana nilipata kazi ya kushuti ruracio huko Murang'a. Kazi poa, watu wazuri, chakula hadi nikafungiwa ya kubeba. Nilirudi Nairobi na video za siku nzima, nikamwaga kila kitu kwa laptopu, halafu nikafuta kadi za kamera ndio niwahi kazi ya wiki iliyofuata. Ndio, najua. Msinianze. Laptopu yenyewe ni ya ex-UK, nilinunua 18,000, RAM ya 8, SSD ya 256, na bado ina stika ya nambari ya mali ya ofisi fulani huko Uingereza. Nilikuwa nimeweka Linux Mint kwa sababu Windows ilikuwa inaifanya ipumue kama mzee anapanda ngazi. Kwa Mint niliweza kuediti na Kdenlive bila matatizo, bora nitumie zile nakala ndogo za video wakati wa kukata.

Wikendi hiyo nilisafiri nayo kwa begi, kwa matatu, nikiwa nimebanwa kati ya dirisha na mama mwenye gunia. Jumatatu nikaiwasha, waifai haipo. Si eti ni dhaifu. Haipo. Pale kwenye kona mahali alama yake hukaa, hakuna kitu.

Nikafanya kile kila mtu hufanya. Nikazima, nikawasha. Mara nne. Halafu nikaipeleka tao kwa fundi.

Fundi akaiangalia sekunde kumi. "Boss, hii ni nini umeweka hapa?"

"Ni Linux."

"Sasa si ndio hiyo shida."

Akatoa SSD, akaichomeka kwa mashine yake ya Windows kuangalia kama niko na vitu za maana. Mashine yake ikaleta kile kidirisha cha kuuliza kama anataka diski ifomatiwe ndio itumike. Akaniambia, "Hii diski haina kitu, imeharibika. Nipige fomati nikuwekee Windows safi? Ni 1,500." Nilikuwa kwa simu na mamangu. Nikamjibu bila kufikiria, "Sawa fundi, fanya vile unajua."

Na yeye akafanya vile anajua.

Hapa ndipo nataka mtu atulie aelewe, kwa sababu hii kitu imemaliza watu wengi. Linux nyingi huhifadhi vitu kwa mpangilio wa diski unaoitwa ext4. Windows yenyewe, vile inakuja, haisomi ext4. Ikikutana na diski ya hivyo, inaweza kuiona kama haijawahi kufomatiwa, na inakuuliza kwa adabu kabisa kama ungependa kuifomati. Si eti diski iko tupu. Ni kama mtu asiyejua Kijaluo apewe barua ya Kijaluo halafu aseme karatasi haina maandishi. Diski yangu ilikuwa imejaa. Guka alikuwa ndani hapo akibariki watoto wake.

Fundi akaweka Windows. Akaiwasha. Waifai, haipo.

"Basi ni kadi ya waifai imekufa," akasema. "Kadi ni 2,500." Sikuwa nazo. Nikalipa ile 1,500, nikaenda nyumbani na laptopu ambayo shida yake ilikuwa bado iko, na kazi yangu haiko.

Jioni nikaenda kwa beshte yangu, tulianza naye campo, yeye akamaliza. Swali la kwanza aliniuliza sijawahi kulisahau. Hakuniuliza "umejaribu nini?" Aliniuliza, "Imesema nini?" Nikamwambia haijasema kitu, imegoma tu. Akacheka, akachomeka flashi yenye Mint, akaiwasha laptopu kutoka kwa hiyo flashi bila kugusa diski, akafungua lile dirisha jeusi la amri na kuandika maneno mawili:

rfkill list

Ikajibu mistari mitatu. Wa kwanza ulikuwa jina la kadi ya waifai, kumaanisha kadi iko na inaonekana. Wa pili, "Soft blocked: no", yaani hakuna programu iliyoizima. Wa tatu, "Hard blocked: yes". Yaani imezimwa na kitu cha kushikika. Kitu cha kidole.

Akageuza laptopu upande. Kando ya shimo la hedifoni kulikuwa na kaswichi kadogo kama punje ya mchele, kamechorwa alama ya mnara. Nimetumia hiyo mashine mwaka mzima sijawahi kukaona. Akakasukuma na ukucha. Mitandao ikajaa kwa skrini, hadi ya jirani yake anayejiita "Lipa Deni Kwanza".

Gunia la yule mama ndilo lilizima waifai yangu. Mimi nikalipa mtu 1,500 afute ruracio.

Usiku huo tulijaribu PhotoRec, programu ya bure inayochimba mafaili yaliyofutwa. Kwa diski za zamani za kuzunguka huwa inaokoa vitu vingi. Lakini kwa SSD, ukipiga fomati, mfumo kwa kawaida huiambia SSD kwamba hizo nafasi zote hazihitajiki tena, na SSD inazisafisha yenyewe. Inaitwa TRIM. Ni nzuri kwa kasi. Kwangu ilikuwa mazishi. Tulipata picha za vitufe vya Windows, basi.

Nilimpigia mteja simu kesho yake. Ni kaka wa bibi harusi, ndiye alikuwa ananilipa. Nilitarajia matusi, na kusema ukweli ningeyapenda. Alinyamaza tu, halafu akauliza, "Hata ile sehemu ya guka?" Nikamwambia hata hiyo. Dipositi yake ya 7,000 nilirudisha kwa awamu mbili. Hajawahi kunitusi mpaka leo, na hajawahi kunipigia tena.

Kwa hivyo nikisema fomati inaniudhi, mjue imetoka wapi.

Sababu ya kuandika leo ni kwamba naona wengi wenu mnahamia Linux, na si kwa mapenzi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 nayo rasmi inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo kwa jumla ni kuanzia kizazi cha 8 cha Intel. Sasa angalia hizi laptopu zetu za ex-UK. Ngapi ni kizazi cha 4, cha 6, cha 7? Mashine nzima, kibodi nzuri kuliko ya laptopu mpya ya 60,000, lakini kwa karatasi imezeeka. Linux inazipa miaka mingine. Lakini mkihamia na ile akili ya fomati, mtakuwa mmebadilisha nyumba na kubeba kunguni.

Jambo la kwanza kabisa, kabla ya fundi, kabla ya kugugo, ni kujua kama shida iko kwa chuma au iko kwa mpangilio. Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Na kifaa cha kuyatenganisha mnacho tayari: ni ile flashi mliyowekea Linux. Iwashe mashine kutoka kwa flashi, usisakinishe kitu, jaribu tu kile kimegoma. Kama sauti haitoki kwa mfumo wako lakini kwa flashi inatoka, spika yako ni nzima, kuna kitu umevuruga kwa mpangilio. Kama hata kwa flashi imegoma vile vile, sasa anza kushuku chuma, au draiva ambayo Linux haina. Hiyo dakika tano inakuokolea 2,500 ya kadi.

Ukitaka kuingia ndani kidogo, andika lspci -nnk na utafute kifaa chako. Kila kifaa kinafaa kuwa na mstari chini yake unaosema "Kernel driver in use". Kama kadi yako iko kwa orodha lakini huo mstari haupo, kadi inaonekana, ila haina dereva wa kuiendesha. Kama kadi haiko kwa orodha kabisa, hapo ndipo unaangalia kama imezimwa kwa BIOS, imelegea, au imekufa kweli. Kadi nyingi zinauzwa hapa tao kubadilisha kadi ambazo hazikuwa zimekufa. Sisemi ni wizi. Nasema hakuna aliyeangalia.

Sasa ile hadithi ya saa. Jirani yangu hufanya kazi za mtandaoni za kuandika maneno kutoka kwa sauti, zile zenye dedilaini ya masaa. Ana Windows na Linux kwa mashine moja. Kila akitoka Linux akaingia Windows, saa imerudi nyuma. Akakosa dedilaini moja, akaambiwa ni betri ya CMOS, ile ndogo ya mviringo. Akabadilisha. Saa bado. Akaambiwa basi ni mfumo, apigwe fomati. Akapigwa. Akaweka tena zote mbili. Saa bado.

Nilimuuliza kitu kimoja tu: inarudi nyuma masaa mangapi? Akasema matatu. Kila mara? Kila mara. Hapo tumemaliza. Sisi Kenya tuko masaa 3 mbele ya saa ya dunia, UTC. Linux huweka saa ya ndani ya mashine kwa UTC halafu inaongeza 3 yenyewe ikikuonyesha. Windows hudhani saa ya ndani ni saa ya hapa. Kwa hivyo hao wawili wanaandika kwa daftari moja kwa lugha mbili. Betri ya CMOS ikifa haikupeleki nyuma masaa matatu kamili, inakutupa miaka ya nyuma huko ukichomoa umeme. Amri moja, timedatectl set-local-rtc 1, na wakaanza kuelewana. Linux yenyewe hulalamika ukiitumia, inapendelea Windows ndiyo ibadilishwe, na kuna njia ya hiyo pia, lakini jirani yangu alitaka tu kuwahi kazi.

Mnaona? Nambari yenyewe, tatu, ilikuwa jibu. Alilipa mara mbili kwa sababu hakuna aliyeuliza ni masaa mangapi.

Kuna nyingine ya stima. Wengi wetu betri za hizi ex-UK zilishakufa, laptopu inaishi kwa chaja kama mgonjwa wa oksijeni. Uko katikati ya apdeti, stima inapotea. Ikirudi, unawasha, unapata skrini nyeusi na neno initramfs, kasa inakonyeza. Watu huona hiyo wanajua diski imeenda. Pole pole. Andika exit, ubonyeze Enter, usome. Mara nyingi itakuandikia jina la sehemu ya diski, tuseme /dev/sda2, na maneno "RUN fsck MANUALLY". Inakuambia dawa kwa herufi kubwa! Unaandika fsck -y /dev/sda2, au jina lile imekupa yenyewe, unangoja, unaandika reboot. Ikiwaka na apdeti iliachwa nusu, sudo dpkg --configure -a inamalizia kwa Mint, Ubuntu na Debian. Nimeiona hiyo skrini mara tatu tangu nihamie hapa ninapokaa. Mara zote tatu nilikuwa nimerudi kazini kabla chai ipoe.

Lakini, na hii ni lakini kubwa, kuna wakati logi inakuambia diski kweli inakufa. Ukiona kwa sudo dmesg mistari ya "I/O error" inajirudia ikitaja diski yako, usianze kurekebisha, usipige fsck, usipige fomati. Nunua au uombe diski nyingine unakili vitu vyako kwanza. Kila kitu kingine unachofanya kwa diski inayokufa ni kumkimbiza mgonjwa ngazi. Baada ya kunakili ndio uulize smartctl hali yake. Hapa ndipo fomati ina hatari zaidi, kwa sababu diski mbovu iliyofomatiwa inaweza kukaa wiki mbili ikionekana imepona.

Mashine yangu pia ilikuja kuanza kujizima katikati ya kutoa video. Unaweka video ya dakika ishirini, ikifika asilimia 60, pap, giza. Mimi wa zamani ningeipeleka mbio. Mimi wa sasa niliandika journalctl -b -1 -e, ambayo ni kusema: nionyeshe mistari ya mwisho ya kile ulikuwa unaandika kabla uzime. Mistari mingi ilikuwa inasema joto la prosesa limepita kiwango na kasi imepunguzwa. Basi. Si Kdenlive, si Mint, si "virusi". Ni joto.

Nikaenda kwa fundi. Ndio, fundi, mwingine. Lakini sikuenda kumwambia "imegoma". Nilimwambia, "Fundi, nataka ufungue usafishe feni, na ubadilishe pesti ya prosesa." Akaniangalia kama mtu aliyenijua upya. Alitoa pamba ya vumbi ndani ya hiyo feni ungeweza kujaza mto. 800. Haijazima tena. Huyo fundi ni mzuri sana, mikono yake ni ya daktari, na yule wa kwanza pengine alikuwa mzuri vile vile. Tofauti kubwa ilikuwa mimi. Mara ya kwanza nilimpeleka swali, na analipwa kwa haraka, watu kumi wako nyuma yangu kwa foleni, na fomati ni jibu la saa moja linaloonekana kama kazi. Mara ya pili nilimpelekea kazi.

Kwa hivyo sitaki post hii igeuke ya kutusi mafundi. Mtu anayetengeneza simu, redio na laptopu kwa meza ya futi mbili, tena anatakiwa akupe bei kabla aone shida, amewekwa hapo na sisi wateja. Sisi ndio tunauliza "itachukua muda gani?" kabla ya "imekuwa na nini?" Kosa langu kwa yule wa kwanza ni langu. Nilikuwa na simu kwa sikio.

Wale nataka kutusi kidogo ni nyinyi watu wa Linux. Ndio, nyinyi wenye picha za dirisha jeusi na herufi za kijani. Msee akija kwa grupu aseme sauti imepotea, jibu ni nini? "Hamia Fedora." "Mint ni ya watoto, weka Arch." Buda, hiyo ni fomati tu, imevaa miwani. Kuhama mfumo juu ya sauti ni kile kile fundi alinifanyia, tofauti ni kwamba fundi alinitoza pesa na nyinyi mnatoza wikendi. Najua mtu amehama mara sita akitafuta mfumo ambao utamfanyia maikrofoni, na maikrofoni ilikuwa imezimwa kwa mpangilio wa sauti, alama ya msalaba mwekundu iko hapo inamwangalia.

Na msiuze Linux kama haina dhambi. Kuna visoma vidole kibao havina draiva mpaka leo. Kuna laptopu zikilala hazijui kuamka. Kuna kadi za waifai ambazo chuma ni kizima, draiva iko, lakini inakosekana ile programu ndogo ya ndani ya kadi, famwea, kwa sababu ya mambo ya leseni. Debian ilikataa miaka mingi kuweka famwea zisizo huru kwa kisakinishi chake rasmi, wakapiga kura mwaka wa 2022 na ndipo Debian 12, ya Juni 2023, ikaja nazo. Kabla ya hapo msee alikuwa anasakinisha Debian halafu anahitaji intaneti kupata famwea ya kupata intaneti. Na Linus Torvalds mwenyewe, aliyeanzisha Linux mwaka wa 1991, mwaka wa 2012 alionyesha Nvidia kidole cha kati mbele ya kamera huko Ufini juu ya ushirikiano wao. Miaka 10 baadaye, Mei 2022, Nvidia ikaanza kutoa wazi sehemu ya draiva zake. Kwa hivyo mtu akikuambia "Linux haina shida", amekudanganya. Ina shida. Kile inacho ambacho napenda ni kwamba haikufichi shida nyuma ya emoji ya huzuni.

Mtu ataniambia, "Lakini si kila mtu ana wakati wa kusoma Kiingereza cha mashine." Hii naikubali nusu. Ni kweli hayo maneno yako kwa Kiingereza, tena Kiingereza kibovu cha mainjinia, na kuna mtu anajua kazi yake vizuri sana lakini akiona "unexpected inconsistency" anaona anatukanwa. Shuleni tulifundishwa neno tarakilishi kwa insha, hakuna aliyetufundisha kusoma kile tarakilishi inasema ikiumwa. Lakini huhitaji kuelewa yote. Piga picha na simu. Huo mstari mmoja, ukimwonyesha mtu anayejua, unamwambia zaidi ya maelezo yako ya nusu saa. Shida ni kwamba kitu cha kwanza tunafanya tukiona maandishi ni kubonyeza kile kitufe cha kuzima hadi yaondoke.

Na badilisha kitu kimoja kwa wakati. Nimeona mtu akinakili amri tano kutoka mtandaoni, anazibandika zote, waifai inarudi, bluetooth inakufa, na sasa hajui ni amri gani ilileta gani. Mimi niko na kijitabu cha karatasi, kile cha 20 bob. Tarehe, kilichogoma, nilichoandika, kilichotokea. Watu hunicheka nacho. Mwezi uliopita kilinisaidia kukumbuka nilizima kitu kwa BIOS mnamo Februari, kitu ambacho ningekitafuta mpaka Krismasi.

Bakapu? Niko nazo mbili sasa, na kadi za kamera sifuti mpaka mteja apokee kazi. Hiyo sina haja ya kuwahubiria, ruracio ilishahubiri.

Kama uko na laptopu imegoma na unasoma hii kwa simu ukielekea tao, shuka kwanza. Niandikie hapo chini modeli ya mashine, imeanza lini, ulikuwa umebadilisha nini kabla ianze, na picha ya kile imeandika. Kama ni waifai, leta jibu la rfkill list, na ugeuze hiyo mashine uangalie pande zote nne. Ukiniandikia "help imegoma" bila kitu kingine, sijibu. Yangu ile swichi nimeibandika kipande cha selotepu nyeusi juu yake, haisongi tena hata matatu ikijaa vipi.